Kijana Aliyepona Saratani: Tumhudumie Vipi Baada ya Ushuhuda?

Somo la juma. Andiko kuu: Marko 5:21–43. Soma pia 2 Samweli 9 na Luka 10:30–37.



Somo hili linaendeleza mahubiri ya Jumapili juu ya binti ya Yairo. Muda haukutosha, watu wa ibada ya pili walikuwa wameshajaa nje, na nikaahidi kwamba yaliyobaki nitayaandika hapa. Kwa kweli yaliyobaki ni mengi kuliko yaliyosemwa, kwa hivyo chukua kikombe chako cha chai na Biblia yako tusome polepole.

Hadithi yenyewe tunaijua. Yairo, mkubwa wa sinagogi, anamwangukia Yesu miguuni kwa sababu binti yake yuko hatarini. Njiani wanacheleweshwa na mama aliyetokwa damu miaka 12. Wakiwa bado hapo, watu wa nyumbani wanaleta habari kwamba mtoto ameshafariki, Mwalimu asisumbuliwe tena. Yesu anaendelea na safari. Anafika, anawatoa nje waliokuwa wakilia na wale waliomcheka, anaingia na baba, mama na wanafunzi watatu peke yao. Anamshika msichana mkono. Msichana anaamka na kutembea. Marko anaongeza kwamba alikuwa na umri wa miaka 12.

Wahubiri wengi tunaishia hapo. Kinanda kinaingia, akina mama wanapiga vigelegele, tunaomba. Lakini sura haijaisha. Kuna mstari wa 43, na ndani yake Yesu anaagiza mambo mawili. La kwanza, anawakataza kwa mkazo wasilitangaze jambo hilo. La pili, anasema mtoto apewe kitu ale.

Juma hili nataka tukae kwenye huo mstari wa 43. Kuna vijana katika makanisa yetu ambao wanaishi hapo. Waliugua saratani wakiwa wadogo, tulifunga na kuomba, tulifanya harambee, Mungu akatenda, wakarudi nyumbani. Ushuhuda ulitolewa. Sasa wana miaka 13, 15, 17, na sisi tumeshahamia kwa maombi mengine.

Tuanze na picha kubwa kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka duniani, kuanzia mtoto mchanga hadi kijana wa miaka 19. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kimataifa wenye lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Hapa kwetu Kenya watoto hawa tunawakuta katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, katika Moi kule Eldoret, Kisumu, na katika hospitali nyingine chache. Saratani zenyewe ni kama ile ya damu, ya figo, ya jicho, ya ubongo, na limfoma ya Burkitt inayovimbisha taya, ambayo tangu daktari Denis Burkitt aieleze mwaka 1958 akiwa Uganda imejulikana sana katika maeneo ya malaria, pamoja na magharibi mwa nchi yetu kuelekea Ziwa Viktoria.

Kila juhudi ya kuongeza wanaopona ni jibu la maombi. Lakini fikiria hesabu yake. Tukifika hiyo asilimia 60, maana yake ni kwamba katika kila darasa la shule ya Jumapili la kesho kutakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumkuta kijana aliyepitia kemotherapi. Je, kanisa liko tayari kwa jibu la maombi yake lenyewe?

Kupona ni kitu gani?

Sisi tuliosoma biashara tulifundishwa kwamba kampuni inaweza kuwa na faida kwenye vitabu na bado ikakosa pesa za kulipa mshahara mwisho wa mwezi. Ukiangalia karatasi moja tu utadanganyika. Kwa mgonjwa, karatasi ya kwanza inauliza: yuko hai? Saratani imeondoka? Hiyo ni karatasi muhimu kuliko zote, wala sitaki mtu asome hapa kama naidharau. Lakini madaktari wenyewe wameona haitoshi, wakatengeneza nyingine inayoitwa kipimo cha ubora wa maisha.

Kimojawapo kinachotumika sana kwa watoto kilitengenezwa na James Varni, mtaalamu wa Marekani, na kinaitwa PedsQL. Kina maswali 23. Manane ni ya mwili: je, kutembea, kukimbia, kuoga, kusaidia kazi za nyumbani kunakupa shida? Matano ni ya hisia: hofu, huzuni, hasira, usingizi, wasiwasi wa yatakayotokea. Matano ni ya kuishi na wenzako, na matano ya mwisho ni ya shule. Majibu yanageuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100.

Kinachonipendeza kwa kipimo hiki ni kwamba kijana anajaza fomu yake, na mzazi anajaza ya kwake kando. Na fomu hizo mbili mara nyingi hazikubaliani! Katika tafiti nyingi za watoto waliougua, mzazi hukadiria maisha ya mtoto kuwa mabaya kuliko mtoto mwenyewe anavyosema. Mama bado anamwona yule mtoto aliyekuwa na mpira wa dripu mkononi, na huyu kijana anataka kwenda kucheza mpira. Upande mwingine kuna mambo ambayo kijana anayabeba kimya na mzazi hayajui kabisa. Basi mzazi asijibu kila swali kwa niaba ya mtoto wa miaka 15. Ukimsalimia kijana kanisani, muulize yeye, usimuulize mamake akiwa amesimama hapo hapo.

Mwili unaobaki na alama

Dawa zinazoua saratani zina nguvu, na baadhi huacha kumbukumbu mwilini. Nitazitaja kwa majina kwa sababu wazazi wengine wanazo kwenye makaratasi nyumbani na hawajawahi kuelezwa. Doksorubisini inaweza kuudhoofisha moyo, hata miaka mingi baadaye. Sisplatini inaweza kupunguza usikivu na kuumiza figo. Vinkristini huathiri neva, kijana akahisi ganzi miguuni na vidoleni. Mionzi kichwani inaweza kuathiri kimo na uwezo wa kukumbuka na kushika masomo upesi. Dawa nyingine na mionzi mingine huweza kugusa uwezo wa kupata watoto. Aliyekuwa na saratani ya figo mara nyingi anaishi na figo moja. Aliyekuwa na ya jicho huenda ana jicho la bandia.

Si kila mtu hupatwa na haya. Inategemea dawa, kiasi na umri. Lakini si mambo ya nadra pia. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuata watu wazima 10,397 waliougua saratani utotoni kati ya 1970 na 1986. Asilimia 62.3 kati yao walikuwa na angalau tatizo moja la kudumu la kiafya. Hao walitibiwa zamani, na matibabu yamerekebishwa tangu hapo, lakini ndiyo sababu madaktari wanasisitiza kliniki ya ufuatiliaji hata baada ya miaka mitano ya kupona.

Na hapa ndipo kuna vita. Nimesikia kwa masikio yangu mtu wa maombi akimwambia mzazi kwamba kumrudisha mtoto hospitalini baada ya Mungu kumponya ni kukiri kushindwa. Wapendwa, hilo si fundisho la Biblia. Wale wenye ukoma kumi katika Luka 17, Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Ukisoma Walawi 14 utaona kazi ya kuhani huyo ilikuwa nini: anamchunguza mtu, anamweka siku saba nje ya hema lake, siku ya saba taratibu zinaendelea, siku ya nane bado kuna jambo. Hiyo ni kliniki ya ufuatiliaji kabisa, imeandikwa kwenye Torati. Na Hezekia katika Isaya 38 aliahidiwa miaka 15 zaidi na Mungu mwenyewe, na bado akawekewa dawa ya tini kwenye jipu. Nabii ndiye aliyeagiza dawa.

Kwa hivyo, mzazi, usiache kliniki. Na ukishindwa nauli sema. Nitarudi hapo.

Jambo lingine la mwili ambalo ni la kwetu hasa. Januari tunaingia kwenye mfungo wa siku 21, na vijana wengine wanapenda mfungo mkavu, bila maji. Kijana mwenye figo moja, au aliyepewa dawa zilizogusa moyo au figo, asifunge bila maji kabla ya kuongea na daktari wake. Viongozi wa vijana, msimwaibishe. Anaweza kuacha mitandao ya kijamii, anaweza kuacha soda na vitamu, na Mungu anapokea. Vivyo hivyo na kesha. Uchovu baada ya saratani si uvivu, ni kitu kinachojulikana hospitalini na kinaweza kudumu muda mrefu. Akilala saa nane usiku kwenye benchi ya nyuma, mfunikeni leso.

Tena wazazi wenye mtoto wa figo moja, msinunue dawa kali za maumivu dukani ovyo ovyo. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni huweza kuisumbua figo. Ulizeni kwanza.

Shule

Shuleni ndiko wengi wanaumia. Mtoto aliyekaa wodini na kurudi nyumbani, akarudi tena wodini, hupoteza muhula mmoja, miwili, wakati mwingine mwaka mzima au zaidi. Anarudi darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake kwa umri na pengine mdogo kwa kimo. Wanafunzi wanaambizana ati kansa inaambukiza, hawataki kutumia kikombe chake. Mwalimu anamwona haandiki upesi, kumbe vidole vina ganzi. Anaitwa jina haitiki, anaonekana mjeuri, kumbe sikio moja halisikii vizuri na amekaa nyuma karibu na dirisha.

Mambo mengine hapa ni rahisi kuliko tunavyodhani. Barua ya daktari kwa mwalimu mkuu. Kiti cha mbele. Ruhusa ya kutochimba shamba la shule au kutokimbia mizunguko. Kwa mitihani ya kitaifa kuna utaratibu wa kumpa mtahiniwa mwenye mahitaji maalum muda wa ziada, lakini shule inapaswa kuomba mapema, kwa hivyo mzazi asingoje muhula wa tatu. Na kama athari iliyobaki imefikia kiwango cha ulemavu, kuna kupimwa katika hospitali ya serikali na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Najua wengine hamtaki neno hilo liandikwe kwa jina la mtoto mliyemshukuru Mungu kwa ajili yake.

Hapo ningeomba msome 2 Samweli 9. Mefiboshethi aliangushwa na yaya akiwa na miaka mitano, akalemaa miguu. Daudi akamwita, akamrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme. Mstari wa mwisho wa sura hiyo unasema alikula mezani kwa mfalme daima, kisha mwandishi anatukumbusha kwamba miguu yake miwili bado ilikuwa na kilema. Yote mawili yamo katika mstari mmoja. Mwandishi hakuona haja ya kukificha kilema ili meza ionekane nzuri.

Moyo

Sasa hili ni gumu kidogo. Kijana aliyelazwa katika wodi ya saratani ya watoto hakuwa peke yake mle. Alikuwa na marafiki. Walicheza pamoja, walinyoka nywele pamoja, walijua ratiba ya dawa ya kila mmoja. Wengine walikufa. Asubuhi moja anaamka kitanda cha jirani kimetandikwa upya na hakuna mtu anayemweleza kitu.

Miaka minane baadaye tunamsimamisha mbele na kutangaza kwamba Mungu alimchagua yeye. Watu wanapiga makofi. Yeye kichwani anamfikiria yule wa kitanda cha jirani, ambaye mamake pia alikuwa ameokoka na pia alifunga. Swali hilo analo, na hana pa kulipeleka, kwa sababu sisi tumeshampa jibu kabla hajauliza.

Msichana mmoja, na sitasema wa kanisa gani, aliwahi kuniomba nimsaidie kuongea na mamake. Kila walipotembelea kanisa lingine, mama alikuwa akimsimamisha atoe ushuhuda na kuonyesha picha zake za wodini akiwa hana nywele. Aliniambia, “Pasta, sikatai Mungu aliniponya. Lakini hao wavulana wa pale watanijua kwa ile picha tu.” Alikuwa na miaka 16. Niliongea na mama, naye akaelewa, ingawa machozi yalimtoka kwa sababu kwake ile picha ni ushindi.

Hebu turudi Marko 5, maana ndani ya sura moja Yesu anafanya mambo mawili tofauti. Yule mama wa miaka 12 ya damu, Yesu alisimamisha umati wote mpaka akajitokeza. Kwa nini? Shida yake ilikuwa imemtenga na watu, na kwa kusemwa mbele ya watu kwamba amepona alirudishiwa nafasi yake katika jamii. (Marko anataja pia kwamba alikuwa ametumia kila alichokuwa nacho kwa matabibu. Familia za saratani mnajua hapo.) Lakini kwa msichana wa Yairo, Yesu aliwatoa watu nje, akabaki na wazazi na wachache, kisha akakataza habari isienezwe. Mama alihitaji umati usikie. Mtoto alihitaji mlango ufungwe. Msichana wa miaka 12 aliyefufuliwa angegeuka kuwa kitu cha kutazamwa Kapernaumu yote, watu wakija kumshika mkono kuona kama una joto.

Kwa hivyo pendekezo langu, na nimeshalizungumza na mchungaji kiongozi: ushuhuda wa kijana ni mali yake. Akitaka kuutoa, aandaliwe, achague mwenyewe aseme nini na aache nini. Asipotaka, mzazi anaweza kumshukuru Mungu kwa ajili ya familia bila kutaja ugonjwa, bila picha. Vyombo vya kanisa vya kurekodi vizimwe kama kijana ameomba hivyo. Video ikishaingia kwenye mtandao, mwajiri wake wa 2035 ataiona.

Na kama ana swali la rafiki aliyekufa, keti naye. Usimjibu upesi. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro akiwa anajua atakachofanya dakika chache baadaye.

Nisisahau kusema kwamba si giza tupu. Tafiti zinaonyesha pia kwamba vijana wengi waliopona hufanya vizuri kwa jumla, karibu na wenzao, na wengine husema ugonjwa uliwafundisha kuthamini watu na kumjua Mungu kwa kina. Wanaoelemewa zaidi mara nyingi ni waliougua ubongo. Kwa hivyo tusiwatazame wote kwa macho ya huruma. Yupo atakayekuwa kiongozi wa ibada, yupo atakayekuwa daktari, na yupo wa kawaida tu anayesinzia wakati wa mahubiri kama vijana wengine.

Kijana ambaye hakuambiwa

Kuna nyumba ambazo mtoto hakuambiwa alikuwa na nini. Aliambiwa ni uvimbe, au ni damu kidogo. Wazazi walifanya hivyo kwa upendo, na alikuwa na miaka minne, angeelewa nini? Lakini sasa ana miaka 16. Akifika 18 atatoka kliniki ya watoto na kwenda ya watu wazima, na daktari mpya atamuuliza, na atasema hajui. Msichana aliyepewa doksorubisini anapaswa kumjulisha daktari atakapokuwa mjamzito ili moyo wake uangaliwe. Atamjulishaje kama hajui jina la dawa?

Mzazi, nenda hospitali ulikotibiwa ukaombe muhtasari wa matibabu: jina la ugonjwa, tarehe, dawa zote na kiasi chake, mionzi ilipigwa wapi, upasuaji gani ulifanywa. Toa nakala, weka moja kwenye ile faili ya vyeti vya kuzaliwa. Kisha kaa na mtoto wako umweleze. Kama unaogopa, mwombe muuguzi au daktari awe pamoja nawe, wengi wana uzoefu wa mazungumzo hayo. Vijana wengi huwa wameshashuku, wametafuta majina ya dawa kwenye simu usiku. Ni heri wasikie kwako.

Na lile swali la ndoa na watoto, watakuuliza kwa kuzunguka. Jibu la kweli ni kwamba wengi waliopona saratani utotoni huzaa, wengine hupata shida, na ni daktari atakayejua kulingana na dawa walizopata. Yeyote kati yetu anayemwambia mvulana wa mtu kwamba yule dada ana ugonjwa wa ukoo, aache mara moja. Yohana 9 ilishafunga mjadala wa nani alitenda dhambi.

Nauli

Nilisema nitarudi hapa. Sisi Wakenya tunajua kuchanga. Mtoto akilazwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa siku hiyo hiyo, katibu anaandika majina, na pesa zinaingia. Kwa lugha ya biashara, tunachangia mtaji kwa nguvu sana. Gharama za uendeshaji hatuzichangii. Biashara nyingi hufa hapo hapo: duka limefunguliwa kwa sherehe, miezi sita baadaye hakuna pesa za kuongeza bidhaa.

Familia iliyotoka kwenye saratani huwa imeuza ng'ombe, labda kipande cha shamba. Kuna kaka au dada aliyeacha shule mwaka mmoja ili karo ielekezwe hospitali, na huyo pia ana miaka 17 na ana uchungu ambao hajausema. Bima ya afya ya serikali husaidia, na mchango wake usikatizwe hata mwezi mmoja. Lakini bima hailipi basi la usiku kwenda Eldoret, haimlipi mama siku mbili alizokosa kibandani sokoni, wala haimnunulii kijana chips baada ya kutolewa damu. Ukipiga hesabu ya watu wawili kwenda na kurudi, chakula na kipimo kimoja cha moyo, unaelewa kwa nini kliniki inaachwa. Wengi hawaiachi kwa kukosa imani.

Msamaria wa Luka 10 alielewa jambo hili. Alimfunga mtu majeraha, akampandisha punda, akamfikisha nyumba ya wageni. Hapo angeweza kwenda zake na tungemsifu vile vile. Lakini aliacha dinari mbili na kumwambia mwenye nyumba kwamba gharama itakayozidi ataitoa akirudi. Alipanga kurudi. Alijua majeraha hayaishi siku moja.

Kwa ushirika wa nyumbani juma hili

Someni Marko 5:21–43 yote kwa sauti, msiruke mstari wa 43. Kisha zungumzeni: katika ushirika wenu kuna familia iliyowahi kuchangiwa kwa matibabu ya mtoto? Ni nani aliyewatembelea tangu waliporudi nyumbani, na alikwenda kuuliza nini? Viongozi, kama familia hiyo iko hapo sebuleni, waulizeni faraghani kabla ya siku hiyo kama mazungumzo haya yatawafaa. Wakisema hapana, someni Luka 10 na muendelee.

Idara ya huruma imekubali kutenga sehemu ya sadaka ya Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kwa ajili ya nauli ya kliniki. Familia nyingi huomba tarehe ziangukie likizo, kwa hivyo Aprili, Agosti na Desemba ndiyo miezi ya mahitaji makubwa. Mzazi mwenye tarehe aipeleke kwa mweka hazina wa idara majuma mawili kabla, akiwa na kadi ya kliniki tu. Kijana wa miaka 15 na zaidi anaweza kuja mwenyewe. Jina halitasomwa kwenye matangazo wala kuandikwa kwenye ubao.